Jinsi ya kumwona chozi wa Pemba

Chozi ni ndege mdogo. Ukimtafuta, usianze msitu wa Ngezi. Msitu ule ni mzuri, ila miti mirefu na utaumia shingo bure. Anzia kwenye mgomba wenye ua, saa moja asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako.

Jua ndilo la kuangalia, maana dume akiwa kivulini ni ndege mweusi tu, hana maajabu. Akigeuka kwenye mwanga, kichwa na mgongo vinang'aa kijani, kifua zambarau. Tumbo hubaki jeusi. Jike ni wa kijivujivu, chini kweupe kwenye umanjano hafifu, na watu wengi humpita. Wote wana mdomo mwembamba uliopinda kwenda chini kama sindano ya kushonea magunia. Huutia ndani ya ua la mti wakafyonza asali. Wadudu na buibui nao huwala.

Mie hutafuta kiota kabla ya ndege. Ni kifuko kinachoning'inia tawini, majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui, tundu ubavuni. Ukikiona usikiguse, na wazuie watoto. Kaa mbali kidogo, utulie, atakuja mwenyewe. Chozi huyu hapatikani popote duniani ila Pemba, kwa hiyo wageni wa Unguja msimtafute kwenu.