Unakaa Kigoma na una simu? Hivi ndivyo unavyojiunga na watu wa iNaturalist, na jinsi itakavyokubadilisha

Kama unakaa Kigoma na una simu yenye kamera ya kawaida tu, tayari una kitu ambacho watu wengi duniani wanakitamani, una ziwa. Tanganyika ina samaki wa familia ya sikilidi spishi (yaani aina) kama 250 hivi na karibu wote huwapati ziwa lingine lolote, ndo maana kuna watu Ujerumani na Marekani wanawafuga kwenye matanki ya vioo sebuleni kwao. Yupo mmoja mwenye nundu kwenye paji, Cyphotilapia frontosa, wa kwetu ana milia saba na wa sehemu nyingine nyingi wana sita, sasa huyu wa kwetu wafugaji wa huko nje wanamwita Kigoma. Yaani mtu hajawahi kukanyaga Mwanga wala Ujiji lakini anahesabu milia ya samaki wetu kwa mapenzi kabisa. Watu wa namna hiyo ndo utakaokutana nao.

iNaturalist ni apu na tovuti ya bure, ilianza 2008 kule California, na kazi yake ni rahisi, unapiga picha ya kiumbe chochote cha porini, awe samaki, ndege, mdudu au jani, unaweka, wengine wanakuja kukwambia huyo ni nani. Wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili mpaka kwenye spishi, na tarehe na mahali vipo, rekodi yako inapanda daraja na watafiti wanaweza kuitumia.

Kujiunga hakuna maneno mengi, shusha apu, tumia imeili, chagua jina ambalo sio lako kamili kama hutaki kujulikana. Ila kabla hujapiga picha hata moja ingia kwenye mipangilio uangalie mambo ya mahali, maana ukipiga picha mjusi wa ukutani kwako ramani itaonyesha nyumba yako, hiyo uifiche. Bando lisikutishe. Piga picha hukohuko bila intaneti, GPS ikiwa imewashwa, utaziweka ukipata mtandao.

Sasa pa kuanzia. Mi nasema anzia mwaloni Kibirizi, asubuhi mzigo wa samaki unaposhuka. Msalimie mama anayeuza, "shikamoo mama, naomba nimpige picha huyu samaki", ukimweleza ni ya nini wengi watakuruhusu na watakwambia na jina lake na katolewa maji ya wapi, hayo yote yaandike kwenye maelezo pamoja na kwamba umempiga picha mwaloni, maana alipovuliwa ni kwingine. Mlaze samaki ubavu, mapezi yaonekane, mwili mzima uingie kwenye picha, weka kitu pembeni cha kuonyesha ukubwa. Sura za watu na hasa watoto usiziweke. Ukitaka walio hai nenda penye mawe na maji meupe, ila ulizia wenyeji kwanza habari za mamba, na kichocho kipo ziwani, usijisahau.

Halafu subiri. Hapa ndo wengi wanaachia njiani, mtu kaweka picha kumi za mbali zenye ukungu, hakuna aliyejibu, kafuta apu. Weka picha moja nzuri na swali moja la kweli, mfano "mbona huyu mdogo ana madoa meupe na mkubwa wake hana?" Hilo ni swali la Tropheus duboisi, watoto wao ni weusi wenye madoa meupe, wakikua madoa yanaondoka wanabaki na mkanda mmoja mwilini. Mtu wa tanki kule Ulaya akiona swali hilo atakuandikia mpaka usiku, na atakuuliza na yeye, maji yalikuwa na kina gani, mawe yalikuwa na mwani? Hapo utajikuta umerudi ziwani kwenda kuangalia.

Na hapo ndo unaanza kubadilika bila kujua. Umekulia hapa, umekula migebuka na dagaa maisha yako yote, mawe ya ufukweni ulikuwa unayaona mawe tu. Sasa unajua kwamba Tropheus hawapendi kukatiza eneo la mchanga, wanabaki kwenye mawe yao wanakokwangua mwani, ndo maana wa rasi moja wana rangi moja na wa rasi inayofuata wana nyingine, na jike anatunza mayai mdomoni wiki kama nne hivi. Ukishajua hayo huwezi kupita Bangwe ukaangalia maji kama zamani. Utaanza kuuliza wavuvi wazee maswali na watakuheshimu kwa kuuliza, maana wanayajua mengi ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Nimeona hata vijana waliokuwa hawafungui mdomo mbele za watu wanasimama kumweleza mgeni habari za samaki kama kuhe na sangala bila kutetemeka.

Ukikosolewa jina usinune, andika asante na uliza "umetofautisha vipi?", jibu la hilo swali ndo shule yenyewe. Lugha nayo isikuzuie, andika Kiswahili, weka na sentensi fupi ya Kiingereza ya kutafsiri kwa simu, wanaelewa.

Kitu kimoja uwe mkali nacho. Akitokea mtu kwenye ujumbe wa faragha anataka umkamatie samaki umtumie, au anataka hela, kataa. Kusafirisha samaki hai kuna vibali vyake.

Ukishazoea, anza kuwajibu wengine. Ziwa hili tunagawana na Burundi, Kongo na Zambia, chuja picha za mwambao mzima uone zinazokaa bila jina, na kuna nyingi utazitambua kwa jicho tu kwa sababu umewaona samaki hao kwenye ndoo tangu utotoni. Kama una uhakika wa familia tu, andika familia, spishi ataongezea mwingine.