Ninavyokagua kompyuta mpakato iliyotumika kabla ya kutoa pesa

Muuzaji akikuwekea mpakato mezani, kitu cha kwanza kukutajia ni "Core i7". Mwache amalize, kisha soma namba inayofuata. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7-7500U ni ya kizazi cha saba na ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Ile ya i5-8250U, kizazi cha nane, ina vinne. Kwa kazi nyingi i5 hiyo inaiacha i7 nyuma, ingawa jina lake ni dogo. Intel waliyaacha majina haya yachanganye watu miaka na miaka, na wanaofaidika ni wauzaji.

Mimi hukagua kwa ukali kile kisichobadilishika kirahisi. Kinachobadilishika nakitumia kuteremsha bei, basi. Diski ndogo ni suala la bisibisi na dakika chache. Betri iliyochoka nayo hupatikana nyingine kwa mashine nyingi. Lakini kioo kilichopauka, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) iliyolehemewa kwenye ubao, prosesa, na nia ya kampuni kuendelea kutoa masasisho, hivyo ukishalipa ni vyako.

Anza na RAM, maana ndiyo inayowaumiza wengi. GB 8 zinatosha leo kwa kuandika na kuperuzi, lakini kivinjari hakijawahi kupungua ulaji tangu nikifahamu. Kwa hiyo swali la msingi ni kama unaweza kuongeza. Usimuulize muuzaji; tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo hiyo. Lenovo, Dell na HP huuweka wazi kwenye tovuti zao, na kwa hilo nawapongeza. Soma jina la modeli hadi herufi ya mwisho. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s, ya mwaka huo huo wa 2018 na inayofanana nayo kwa sura, ina nafasi moja tu, na RAM nyingine imelehemewa. Ndiyo maana napenda mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude na EliteBook. Hazivutii macho, lakini nyingi hufunguka kwa skrubu za kawaida na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Zile nyembamba za kung'aa za dukani mimi huzipita.

Kisha uhai wa programu. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), na kwa upande wa Intel orodha rasmi huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. Kwa maoni yangu mpaka huo ni uamuzi wa kibiashara kuliko wa kiufundi, kwani mashine nyingi zilizoachwa nje bado zina nguvu ya kutosha. Faida kwako ni kwamba hizo zimeshuka thamani. Kama unaridhika na Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (programu za bure za ofisi), nunua ya kizazi cha sita au cha saba bila wasiwasi. Kama kazi yako inakulazimisha kutumia Windows, usishuke chini ya cha nane, hata muuzaji akikuonyesha Windows 11 inawaka. Huenda aliiingiza kwa kuruka masharti.

Sasa washa. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mazungumzo. Kwa diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo inakuonyesha afya yake na saa ilizofanya kazi. Kibodi: fungua Notepad, gonga kila kitufe. Kioo: weka ukurasa mweupe mtupu, halafu mweusi, utafute madoa. Ingiza kitu katika kila tundu. Acha video icheze wakati mnaongea bei, na sikio lako libaki kwenye feni.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kufuli. Mashine za maofisi huuzwa kwa wingi, na nyingine hutoka zikiwa bado zimeandikishwa kwa mwenye nazo wa zamani. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, inuka uondoke. Humo tafuta sehemu ya Absolute au Computrace (huduma ya mwenye mashine kuifuatilia na kuifunga akiwa mbali) uone kama imewashwa. Halafu omba mashine ifutwe yote mbele yako, iunganishwe na intaneti na kuanzishwa upya hadi ikubali akaunti yako. Ikidai barua pepe ya taasisi fulani, hiyo bado ina mwenyewe. Kwa Mac, kompyuta za Apple, fanya vivyo hivyo: Activation Lock (kufuli ya akaunti ya mwenye nayo) iwe imezimwa, na isitokee skrini ya "Remote Management", ishara kwamba taasisi bado inaisimamia.

Na kwa kuwa nimeigusa Mac: MacBook Air ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe), ya Novemba 2020, ni mashine tulivu kweli, haina hata feni. Ila RAM na hifadhi yake hazibadilishiki kabisa, hivyo ukubwa unaonunua leo ndio utakaobaki nao. MacBook Pro za 2016 hadi katikati ya 2019 siwezi kumshauri mtu. Kibodi zake zilisumbua hadi Apple wakafungua mpango maalumu wa kuzitengeneza bure. Tena zote hizo ni za Intel, na Apple walishatangaza kuwa macOS Tahoe, toleo la mfumo wa Mac, ndiyo ya mwisho kwa Intel.

Ukiridhika, dai chaja yake halisi kabla ya kulipa na usome wati zake. Chaja dhaifu ya USB-C inaweza kuwasha taa ya kuchaji huku betri ikiendelea kushuka ukiwa kazini.