Sare ya darasa la kwanza: kitambaa, pindo na viatu
Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania, sare ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu iliyokoza. Rangi ya sweta hutofautiana, kwa hiyo uliza shuleni kwanza.

Mashati yawe mawili, moja likivaliwa jingine likauke. Chagua pamba iliyochanganywa na polista. Polista tupu hainyonyi jasho, na mtoto hutoka vipele shingoni. Kitambaa chenye pamba nyingi kiloweke usiku kucha na ukikaushe kabla ya kumpelekea fundi, la sivyo nguo itasinyaa baada ya kufuliwa. Mwambie fundi aache pindo la sentimita 5 hadi 7, alishone kwa mkono ili lifumuliwe kirahisi mtoto akirefuka. Kiunoni weka lastiki. Kifungo kigumu humchelewesha mtoto wa miaka 6 chooni, akajikojolea.

Wazazi wengi hukosea kwenye viatu. Vikubwa mno, eti atavikulia, humkwaza na kumchubua kisigino. Mpime jioni, miguu ikiwa imetanuka, akiwa amesimama na soksi: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako.

Sweta hupotea sana. Andika jina ndani ya kola.