Lori likipinduka na vyombo vyako: namna ya kudai usipunjwe

Mwaka juzi nilihama Malindi kwenda Amu (Lamu). Lori likapinduka baada ya Witu, na kabati langu la mvule likafika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Amu, limekuwa kuni. Dereva alitoka mzima, alhamdulillahi. Kesho yake mwenye lori akanipigia, akataka kunipa elfu kumi "za pole". Nilikataa. Mwishowe alilipa mara saba ya hizo, na njia niliyopita ni hii.

1. Usitupe kitu. Piga picha palepale barabarani, kila chombo peke yake, na moja ionyeshe nambari ya lori. Godoro lenye tope na friji iliyobonyea ubavu ziweke hata kama zinakuziba ukumbi. Mkaguzi wa bima akija asipoona kitu, atasema hakikuwepo.

2. Ripoti kituo cha polisi cha eneo la ajali, uchukue abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali. Hakikisha taarifa yako imetaja vyombo, si lori tu.

3. Andika orodha. Hapa ndipo tunapopunjika. Ukiandika "vyombo vya jikoni 15,000" umejikata mwenyewe. Andika: sufuria 4, mbuzi ya nazi, jiko la gesi la meko mawili, kila kimoja na mwaka ulionunua, bei uliyotoa na bei yake dukani leo. Risiti imepotea? Vuta taarifa ya M-Pesa.

Usitarajie bei ya kitu kipya. Mfano: friji ya aina yako leo ni 60,000, inakadiriwa kudumu miaka 10, nawe umeitumia minne. Thamani yake ni 36,000, na mabaki ukibaki nayo, wanaokulipa watakata tena. Lakini msikubali hesabu hiyo kwa kila kitu! Mvule hauchakai kama friji. Mimi nilipeleka makadirio ya maseremala wawili wa Langoni, na kabati peke yake likapita nusu ya malipo yote.

4. Uliza bima ipi. Bima ya lazima ya gari, chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, ni ya majeraha na vifo. Mzigo uliobebwa kwa kawaida huhitaji bima yake, ya mizigo safarini. Kama hakuna, unamdai mwenye lori mwenyewe.

5. Peleka barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Akinyamaza, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ya sheria ya 2016: mwisho wake shilingi milioni moja, kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Dai la uzembe lina miaka 3, usilale.

MASWALI

Swali (Shela): Sahani za kaure za marehemu mama zimevunjika. Risiti sina, hata yeye hakuwa nayo.

Jibu: Pole sana, dada. Tafuta picha za arusi au za Idi zinazoonyesha ukuta zilipotundikwa. Kisha muuza vitu vya kale akuandikie bei na kutia sahihi. Vigae usivifagie.

Swali (Mpeketoni): Nimeshapokea pesa na kutia sahihi "malipo kamili na ya mwisho".

Jibu: Hapo pagumu, ndugu yangu. Mwone wakili na karatasi yenyewe mkononi kabla ya kutumia hata senti.

Swali (Mkomani): Lori lilifika salama, lakini TV imefika nyumbani imepasuka. Wa lori amsema wa mashua, wa mashua amsema wa punda.

Jibu: Mzigo ukibadilisha mikono Mokowe, fungua, tazama, piga picha kabla haujashuka mashuani, na nahodha atie sahihi kwamba ameupokea mzima. Fanya vivyo hivyo gatini Amu kabla ya punda. Kwa hii ya sasa, anza na uliyemlipa nauli ya safari nzima. Kama ulilipa kila mtu mbali, kuna yeyote aliyepiga picha ukipakuliwa?