Kabla Hujatuma Hela kwa Muuzaji wa Mtandaoni Usiyemjua

Mvua zikikaribia, kuanzia Mbozi mpaka Mufindi simu zinajaa matangazo. Miche ya parachichi, mashine za kutotolea vifaranga, pampu za maji, pawatila zilizotumika, mbegu za viazi. Muuzaji yuko Dar es Salaam au Arusha, na pengine hasemi kabisa aliko. Hujawahi kumwona wala huna ndugu anayemfahamu. Kinachobaki kukushawishi ni maneno ya watu wengine: nyota tano, maoni chini ya picha, skrinishoti zinazosema "nimepokea mzigo wangu, Mungu akubariki".

Maneno hayo yana thamani, ila si yote. Kabla ya kuamini ushuhuda wowote jiulize mambo mawili. Aliyesema alikuwa na uwezo wa kujua anachokisema? Na kama anadanganya, uongo huo umemgharimu nini? Mengine yote nitakayoyaeleza hapa yanatokana na maswali hayo.

Anza na bidhaa yenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini tunapoumia. Chukua mche wa parachichi aina ya Hass. Mche uliobebeshwa vizuri, yaani uliounganishwa na kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti wa Hass), huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Ule ulioota kwa kokwa tu unaweza kukuweka miaka mitano, saba au zaidi, halafu ukatoa tunda ambalo mnunuzi wa kusafirisha nje halitaki. Sasa soma maoni kwenye ukurasa wa muuzaji: "Miche mizuri sana, imefika salama Njombe." Mtu huyo anaweza kuwa mkweli kabisa. Lakini ameandika siku mzigo ulipofika, akiwa ameona majani ya kijani na udongo kwenye viriba. Hajaona tunda. Ushuhuda wake unathibitisha kwamba muuzaji hutuma mzigo, basi. Kuhusu Hass hausemi lolote, hata ukiwa umerudiwa na watu mia.

Kwa hiyo gawa bidhaa kabla hujasoma maoni. Zipo ambazo ubora wake unaonekana siku ileile, kama shuka, sufuria au viatu. Hapo maoni ya wapokeaji yanatosha kwa sehemu kubwa. Nyingine ubora wake hujulikana baada ya wiki kadhaa: betri ya sola, simu iliyotumika, mashine ya kutotolea vifaranga ambayo lazima imalize siku 21 ndipo ujue kama joto lake ni la kweli. Halafu kuna zile za miaka, yaani miche na mifugo ya mbegu. Kadiri muda wa kujulikana unavyorefuka ndivyo maoni ya mtandaoni yanavyopungua nguvu, na ndivyo unavyotakiwa kuegemea kitu kingine: kitalu unachoweza kukitembelea, wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, afisa ugani wa kata yako. Kwa mbegu za mahindi kuna lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, kwenye mfuko, yenye namba iliyofichwa ya kukwangua na kuhakiki kwa simu. Dakika mbili za kuhakiki lebo hiyo zinazidi kurasa nzima za sifa.

Sasa maoni yenyewe. Usihesabu nyota, tazama tarehe. Maoni ya kweli huja kwa kutawanyika: moja leo, jingine wiki ijayo, mawili mwisho wa mwezi watu wakipata mishahara. Ukikuta ukurasa kimya kwa muda mrefu, kisha maoni ishirini ndani ya siku mbili, halafu kimya tena, kuna mtu aliyeyaagiza. Bonyeza majina ya walioandika. Akaunti isiyo na picha ya mtu wala historia, inayosifia maduka manane ya mikoa tofauti kwa wiki moja, si ya mteja.

Kisha sikiliza lugha. Mteja wa kweli hutaja vitu vidogo ambavyo muuzaji hafikirii kuvitaja: mzigo ulishuka Makambako badala ya Mafinga, kifuniko kilikuwa na mkwaruzo, waya ulikuwa mfupi akanunua mwingine soko la Sido. Maoni ya kupikwa husifia muuzaji badala ya bidhaa: "mwaminifu sana", "si tapeli", "nilikuwa na hofu lakini sasa naamini". Sentensi hiyo ya mwisho izingatie sana. Imetungwa kujibu hofu yako wewe unayesoma, na mtu aliyekwisha kupata pampu yake kwa kawaida huongelea pampu.

Usidhani kwamba wingi wa mikono tofauti ni uthibitisho. Mwaka 2017 Oobah Butler wa London aliandikisha kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wateja wa migahawa na hoteli, kibanda cha bustanini kwake kana kwamba ni mgahawa. Marafiki zake wakaandika maoni, kila mmoja kwa namna yake. Kabla mwaka haujaisha, kibanda kile kilikuwa mgahawa wa kwanza kwa ubora jijini London, na hakikuwa kimempikia mteja hata mmoja. Watu walioandika walikuwa wa kweli. Chakula ndicho hakikuwepo.

Hata alama ya "mnunuzi aliyethibitishwa" inanunulika. Mwaka 2020 watu wengi Marekani walipokea kwa posta pakiti za mbegu ambazo hawakuziagiza. Maelezo ambayo Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliyapa uzito ni kwamba wauzaji wa mtandaoni walituma vitu vya bei ndogo kwa watu wasiowajua ili mfumo uhesabu mauzo yamefanyika, kisha wakajiandikia sifa kwa majina ya wapokeaji. Jambo hili mkulima alikumbuke pia kwa upande mwingine: mbegu usiyoiagiza, usiipande.

Skrinishoti za WhatsApp nazipa uzito mdogo kuliko vyote. Yeyote mwenye laini mbili anaweza kujitumia ujumbe, akahifadhi namba yake ya pili kwa jina "Mteja Iringa", akapiga picha. Gharama yake ni sifuri. Makundi ya WhatsApp nayo yana tatizo lake, kwa sababu msimamizi akiweza kukutoa, wanaolalamika hutolewa na wanaosifu hubaki. Si jambo geni. eBay, soko lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, lilikuwa na utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupeana alama. Ikaonekana kwamba wanunuzi wanaogopa kusema ukweli, kwani muuzaji angelipiza kwa alama mbaya. Mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya. Popote muuzaji anapoweza kukuadhibu kwa kusema ukweli, soma sifa zake ukijua hilo.

Malalamiko yana faida kuliko sifa, lakini nayo yapime, maana mshindani wa biashara hushindwi kumkuta anachafua jina la mwenzake. Lalamiko lenye tarehe, bidhaa na kiasi lina uzito; tusi tupu halina. Angalia zaidi jinsi muuzaji alivyojibu. Aliyesema "tulichelewa, tulikurudishia tarehe fulani", na mteja akakiri, huyo ni mtu ninayeweza kununua kwake. Aliyefunga sehemu ya maoni kabisa, mpite.

Ukitoka kwenye maneno ya watu, ingia kwenye vitu ambavyo ni ghali kuvighushi. Muda ni kimojawapo. Facebook huonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na umebadilisha jina mara ngapi; Instagram nayo ina sehemu inayoonyesha tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti. Ukurasa wenye wafuasi elfu hamsini ambao mwaka jana ulikuwa wa vichekesho na leo unauza pawatila umenunuliwa pamoja na wafuasi wake. Picha nazo zitafute kwa Google Lens, programu inayoonyesha picha hiyo imetumika wapi pengine mtandaoni. Pampu inayodaiwa kuwa ghalani Kariakoo inaweza kuwa imetoka kwenye tangazo la nchi nyingine. Kwa vile sasa kompyuta hutengeneza picha za uongo kwa urahisi, omba simu ya video. Mwambie aiwashe mashine, aizungushe, akuonyeshe kibao cha namba zake, kisha atoke nje ya duka uone mtaa. Muuzaji wa miche mwombe akuonyeshe kovu la kubebesha kwenye shina, na umuulize vikonyo vimetoka shamba gani. Mwenye kitalu atajibu bila kufikiri, na pengine atakuchosha kwa maelezo.

Jina ni kitu kingine. Kabla hujaweka namba ya siri, M-Pesa, Airtel Money na mitandao mingine hukuonyesha jina la mwenye namba. Lisome. Kama duka linaitwa hivi na jina linasema vile, uliza kwa nini, na uulize kabla. Biashara iliyosajiliwa inaweza kukupa jina la kutafuta BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), na lipa namba yenye jina la biashara. Jina kulingana hakumalizi kazi, kwa sababu laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine zipo. Ila jina kutolingana, pamoja na "tuma kwenye namba hii nyingine, ile ina shida", kunatosha kukusimamisha.

Malipo yenyewe yapange kulingana na umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na muuzaji naye ana haki ya kuhofia kwamba hutalipa. Njia nzuri kuliko zote ni mtu wako aliye huko aende dukani, aukague mzigo, alipe na aupeleke mwenyewe kwenye ofisi ya basi. Mpe nauli na kitu kidogo. Ni bima nafuu. Huna mtu? Kubalianeni ulipie ukishaufungua mzigo huku. Picha ya risiti ya basi si mzigo: piga simu ofisi ya kampuni hiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa muuzaji, uulize kama namba ya kifurushi ipo.

Wengi hushauri kuanza na oda ndogo. Nakubali, kwa tahadhari. Tapeli mvumilivu hutuma kwa uaminifu mche mmoja, kumi, hata hamsini, akisubiri ya mia tano. Oda ndogo inakuonyesha kwamba anaweza kutuma; ile kubwa nayo idai ukaguzi uleule. Na akianza kukuharakisha, "zimebaki mbili, kuna mtu yuko njiani na hela", mwache huyo mtu azichukue.

Hifadhi kila kitu tangu siku ya kwanza: mazungumzo, jina, namba, ujumbe wa muamala. Ukigundua umepigwa, wapigie watoa huduma wa mtandao wako dakika hiyohiyo, kwa sababu fedha ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa na iliyokwisha kutolewa hairudi. Toa taarifa ya namba ya tapeli kupitia 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda polisi ukafungue jalada na upate RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakuhusu. Usishangae siku chache baadaye ukipigiwa na mtu mpole anayejua kiasi ulichopoteza, akidai yuko kitengo cha kurejesha fedha na anahitaji ada kidogo. Namba yake nayo ipeleke 15040.