Ala za Muziki wa Kale wa Ulaya kwa Mwenye Fedha Kidogo

Anayetamani kupiga muziki wa Ulaya wa kabla ya mwaka 1750 huvunjika moyo aonapo bei ya luti (ala ya nyuzi za kudonoa yenye mgongo wa mviringo) au viola da gamba (ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde ikishikwa kati ya miguu) iliyochongwa na fundi. Kwa maoni yangu, mtu huyo aanze na rekoda ya plastiki, filimbi ambayo wengi huidharau kwa kuwa huonekana mikononi mwa watoto wa shule. Rekoda nzuri ya plastiki kutoka Yamaha au Aulos hutoa noti sahihi kuliko nyingi za mbao zinazouzwa kwa bei ya chini, wala haipasuki kwa unyevu wa pumzi. Chagua alto, iliyo kubwa na ya sauti ya chini zaidi, badala ya soprano, kwa sababu sonata za rekoda za mtunzi Handel ziliandikwa kwa alto. Kabla ya kulipa, hesabu matundu ya mbele kuanzia juu: la nne likiwa dogo kuliko la tano, mpangilio wa vidole ni wa kibaroki (unaofaa muziki huu wa kale), la tano likiwa ndilo dogo, ni wa Kijerumani, uliobuniwa katika karne ya 20, ambao hurahisisha noti moja ya mwanzo na kuzitatiza nyingine baadaye. Huo uuache. Uliza pia kama ala imepimwa kwa noti A ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 440 au 415, kwani ya pili iko chini kwa takriban nusu toni na haitapatana na wenzako wanaotumia 440.

Kuhusu luti, mjukuu wa udi wa taarabu, jihadhari na zile za bei ya kutupa zilizotengenezwa kama samani. Luti halisi ni nyepesi mno, na ubao wake wa juu ni mwembamba. Nzito hupendeza ukutani tu. Mwenye gitaa la nyuzi za nailoni anaweza kuahirisha ununuzi huo: alegeze uzi wa tatu kwa nusu toni, kutoka G hadi F kali (F#), kisha abane kapo, yaani kibano kinachokandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya tatu, naye atapata mpangilio wa luti ya Renaissance yenye jozi sita za nyuzi na kusoma moja kwa moja tablacha zake, yaani maandishi ya muziki yanayoonyesha uzi na freti ya kubonyeza.

Ukitaka kujenga, usianze na luti, ambayo mgongo wake wa vipande vilivyopindwa huwashinda hata maseremala wazoefu. Jenga saltari, yaani sanduku bapa la nyuzi za chuma. Mbao za pembeni zinazoshika pini ziwe ngumu, kwa sababu nyuzi zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu nyingi, na matundu ya pini yawe membamba kidogo kuliko pini zenyewe ili zisiteleze. Uzi ukifupishwa hadi nusu bila kubadili mkazo, sauti hupanda oktava moja. Anza na kanuni hiyo unapopanga urefu. Kaza nyuzi zote kidogo kidogo, ukizirudia kwa siku kadhaa, hadi mbao zitulie.