Kurudisha unyevu kwenye nywele kavu zilizotiwa dawa

Dawa ya kunyoosha nywele ni alkali kali inayofungua magamba ya unywele na kuvunja viungo vya ndani vinavyoupa mkunjo wake. Magamba yaliyokwisha kufunguliwa hayalali tena sawasawa, kwa hiyo maji huingia upesi na kutoka upesi vilevile. Hapa Nakuru tunalihisi hilo hasa mwezi wa Januari na Februari, jua linapowaka na upepo kutembeza vumbi, ilhali jamaa zetu wa Kisumu husaidiwa kidogo na unyevunyevu wa ziwa.

Kwa miaka mingi nilipaka mafuta mazito kila asubuhi juu ya nywele kavu. Ziling'aa, lakini kila nilipochana, sinki jeupe lilijaa vipande vifupi visivyofika hata urefu wa kidole. Unywele uliong'oka wenyewe huwa na kinundu cheupe upande wa shina. Vile vyangu havikuwa nacho, maana yake vilikatika. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoke, na ukiyapaka penye ukavu, unaufungia ukavu huohuo.

Basi anza na maji. Osha nywele mara moja kwa wiki kwa shampuu isiyo na salfeti (kemikali kali za kusafishia), ukiisugua kwenye ngozi ya kichwa pekee, kwa kuwa povu linaloteremka linatosha kusafisha sehemu iliyobaki. Kisha paka kondishena nzito kuanzia kwenye ncha, ambazo ndizo kongwe na ndizo zilizochoka zaidi, uvae kofia ya plastiki ya kuogea (zamani tulijifunga mifuko ya dukani, kabla haijapigwa marufuku mwaka 2017), ukae hivyo kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kusuuza kwa maji ya vuguvugu. Usifikiche kwa taulo. Bonyeza nywele taratibu kwa fulana kuukuu ya pamba mpaka ziache kudondosha maji.

Hatua inayofuata haipaswi kucheleweshwa. Nywele zikiwa bado mbichi, paka kondishena ya kuachwa kichwani, ile ambayo maji yameandikwa mwanzoni kabisa mwa orodha ya viambato, halafu sugua matone manne au matano ya mafuta ya nazi au ya parachichi viganjani na kuyapitisha juu yake. Chana kwa kichana cha meno mapana, ukianzia chini na kupanda juu.

Katikati ya wiki, nyunyizia maji kidogo kwenye ncha kila baada ya siku moja au mbili, kisha rudia mafuta kidogo. Usiku funga kitambaa cha satini, kwa sababu foronya ya pamba hunyonya unyevu na kukwaruza nywele.

Ili kujua kama mpango unafaa, vuta taratibu unywele mmoja uliolowa. Ukikatika papo hapo, bado una kiu. Ukivutika kidogo na kurudi, uko sawa. Ukivutika kama chingamu bila kurudi, umelainika kupita kiasi na unahitaji tritimenti ya protini.

Yote haya hayatafaa kitu iwapo dawa inarudiwa ovyo. Saluni moja iliwahi kunipaka dawa hadi kwenye ncha zilizokwisha kunyooka, na hizo sikuweza kuziokoa ila kwa mkasi. Subiri wiki 8 hadi 12, na usisitize kwamba dawa iguse nywele zilizoota upya tu. Ikiwa unatumia dawa ya kuchanganya, yaani krimu ya kopo pamoja na kimiminika cha chupa ndogo, fahamu kwamba nyingi kati ya hizo huacha madini ya kalisi juu ya nywele, nayo huzifanya ziwe ngumu na kuzuia kondishena isiingie. Hapo tafuta shampuu ya kuondoa madini na uitumie mara moja kwa mwezi, ukifuatisha kondishena nzito siku hiyohiyo.